Kilembe: pairiti ilipata mnunuzi, mabaki yakaachiwa mto

Mgodi wa shaba wa Kilembe, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, uliacha taka za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa pairiti, madini yenye salfa, iliyobeba metali ya kobalti, takriban tani milioni 1, iliyorundikwa pembeni mwa mji wa Kasese, mahali ambapo maji ya mvua huteremkia Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Ya pili ni mabaki ya kinu, yaani mchanga laini wa mawe yaliyosagwa na kukamuliwa shaba, takriban tani milioni 15, uliomwagwa ndani ya bonde jembamba la mto Nyamwamba, kati ya maji na nyumba za watu. Lundo la pairiti limekwisha. Mchanga wa bondeni upo palepale, na kila mvua kubwa ikinyesha milimani, mto unaumega.

Sababu ya tofauti hiyo haijifichi. Pairiti ilikuwa na kobalti ya kutosha kumlipa aliyeiondoa, mchanga wa bondeni haukuwa nayo. Nakiandika kisa hiki kwa kuwa Kilembe imo tena katika mipango ya kufunguliwa, na naona tunaelekea kurudia utaratibu uleule: pasafishwe penye faida, pasipo na faida pasubiri. Kwa watu wanaokunywa, kulima na kuvua chini ya mgodi, utaratibu huo umeshashindwa mara moja.

Shaba ya milima ya Rwenzori ilijulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ila haikuwa na njia ya kufika sokoni. Njia ilipatikana mwaka 1956, reli ya kutoka Kampala ilipofika Kasese, na uzalishaji ukaanza mwaka huohuo chini ya kampuni ya Kanada, Falconbridge. Mawe yalichimbwa ndani ya mlima na kusagwa Kilembe, kisha shaba iliyochujwa ikapakiwa kwenye treni hadi Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls. Kwa miaka kadhaa shaba ilikaa pamoja na kahawa na pamba katika orodha ya mauzo makubwa ya nchi. Watu walikuja kutoka kila upande kufanya kazi, wakajengewa kota bondeni, na Kiswahili kinasikika huko hadi leo kama kinavyosikika sokoni Mpondwe, mpakani na Congo. Miaka ya 1970, wakati wa Idi Amin, Wakanada waliondoka, vipuri vikakosekana, bei ya shaba ikaanguka, na mwaka 1982 uzalishaji ukasimama kabisa.

Hapakuwa na sheria iliyomlazimu mtu kuufunga mgodi inavyotakiwa. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, miaka 13 baada ya kinu kunyamaza. Kampuni ya serikali iliyobaki na mali ya mgodi iliendelea kusukuma maji yasijae mashimoni na kutunza majengo. Kuhusu mchanga wa bondeni, hakuna aliyepewa kazi hiyo.

Ili kuelewa kwa nini taka hizo zina madhara, lazima tuiangalie pairiti yenyewe. Ni madini ya chuma na salfa. Ikiwa ndani ya mwamba, mbali na hewa, haina neno. Ikishasagwa na kuachwa mvuani, oksijeni na maji huigeuza kuwa asidi ya sulfuriki, na wapo bakteria wanaojipatia nguvu kutokana na chuma na salfa hiyo ambao huharakisha kazi mara nyingi zaidi. Asidi hiyo hukamua metali zilizobaki ndani ya jiwe, yaani shaba, kobalti, nikeli na zinki, zikaingia kwenye maji. Chuma huganda baadaye na kuacha utando wa rangi ya kutu juu ya mawe. Kabla hakijaganda, maji yanaweza kuonekana maangavu kabisa, na mama anayechota ndoo hana namna ya kujua kwa kuyatazama.

Lundo la Kasese lilikaa wazi kwa miongo, bila paa juu wala sakafu ya kuzuia maji chini. Mvua iliosha chembe za pairiti pamoja na asidi yake, ikazisambaza kuelekea kwenye hifadhi, na mkondo huo ukaua kila kilichoota juu yake. Watafiti wanauita njia ya pairiti. Nyasi za mbuga hukoma ghafla, kisha unafuata udongo mtupu wa njano na kahawia wenye ukoko unaovunjika chini ya kiatu. Wakati wa kiangazi chumvi za salfati hupanda pamoja na unyevu na kuota juu ya ardhi kama ukungu mweupe na wa manjano. Ndani ya chumvi hizo asidi na metali zimehifadhiwa kavu. Mvua ya kwanza ikianguka zinayeyuka zote kwa pamoja, na uchafu uliojikusanya miezi mizima unaondoka kwa saa chache. Anayepima maji katikati ya masika tu, baada ya mvua nyingi kuyazimua, ataandika namba nzuri na kuondoka akiwa ameikosa siku yenyewe.

Maji hayo mwisho wake ni Ziwa George. Ziwa hilo lina eneo la kilomita za mraba 250 hivi na kina cha wastani cha mita 2.4 tu. Mwaka 1988 lilikuwa eneo la kwanza la Uganda kuingizwa katika mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu. Kasenyi, Hamukungu na Kahendero ni vijiji vya uvuvi kwenye ufuo wake, na samaki aina ya ngege wa ziwa hilo ni chakula na ada ya shule. Vipimo vya tope la chini ya ziwa vimeonyesha shaba na kobalti zilizotoka Kilembe. Mafunjo yaliyozunguka ziwa upande wa kaskazini yamesaidia sana, kwa kuwa mizizi yake hupunguza mwendo wa maji, tope linatua, na mahali pasipo na oksijeni metali hushikwa tena na salfa zikatulia. Lakini kushikwa si kutoweka. Ardhioevu ikikaushwa ili ilimwe, au ikichomwa, tope lile linakutana na hewa na mzigo unaachiliwa upya. Kwa hiyo anayelinda mafunjo ya Ziwa George analinda pia ghala la taka za Kilembe, na sidhani kama jambo hilo linasemwa vya kutosha kwenye mikutano ya vijiji vya ufuoni. Kutoka George maji hupita Mlango wa Kazinga hadi Ziwa Edward, ambalo nusu yake na zaidi ni ya Congo.

Usafishaji wa lundo lile ulikuwa kazi nzuri na nataka kuutendea haki. Kampuni ya Kasese Cobalt ilianza uzalishaji mwaka 1999, kwa mbinu iliyotengenezwa na wataalamu wa taasisi ya jiolojia ya Ufaransa, BRGM. Bakteria wa aina ileile waliokuwa wakiiharibu hifadhi waliwekwa ndani ya matangi makubwa, wakapewa hewa, joto na virutubisho, wakaachiwa waile pairiti mahali ambapo asidi haiwezi kutoroka. Kobalti iliyoyeyuka ilitenganishwa na kutolewa kwa umeme ikiwa vipande vya metali safi. Asidi na chuma vilivyobaki vilitulizwa kwa mawe ya chokaa, ambayo Kasese imejaliwa. Ndiyo hayo yanayolisha kiwanda cha saruji cha Hima. Kwa ajili ya umeme, kampuni ilijenga kituo cha megawati 10 kwenye mto Mubuku. Kwa hiyo taka iliyokuwa ikivuja miaka yote ikageuzwa mali ghafi, watu wakapata ajira, na chanzo kikubwa cha asidi kikaondolewa juu ya hifadhi. Nchi nyingi zenye migodi iliyotelekezwa hazijafika hapo.

Hata hivyo, mwendo wa kazi hiyo uliamuliwa na bei ya kobalti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ilipoporomoka, kiwanda kilisimama kwa muda, na lundo lililobaki likaendelea kunyeshewa hadi soko liliporudi. Kufikia mwaka 2014 lundo lilikuwa limekwisha, na biashara ikaisha nalo. Kilichobaki ni udongo wa njia ya pairiti, ambao hauna kobalti ya kumshawishi mtu. Mwenye kovu usidhani kapoa: asidi imeingia kwenye chembe za ardhi yenyewe, na mbegu ya nyasi ikiangukia pale mzizi wake mchanga unaungua kabla haujashuka. Wataalamu wa mimea wa Makerere walishafanya majaribio ya kuotesha mimea katika udongo huo, na njia inafahamika. Unachanganya chokaa ya kutosha kuituliza asidi, si ya juu juu tu bali hadi kina cha mizizi, unaongeza samadi au mboji ili udongo upate uhai, kisha unaanza na nyasi za palepale zinazostahimili hali ngumu. Ni kazi ya jembe, lori na subira, na pia mtu wa kurudi mwaka wa pili na wa tatu kuongeza chokaa pale asidi ilipopanda tena. Kiasi kikubwa cha gharama ni usafiri wa chokaa, na chokaa iko wilaya hiyohiyo.

Sasa twende bondeni, kwenye tatizo kubwa zaidi.

Kilembe iko kilomita 10 hivi juu ya mji wa Kasese, kwenye korongo ambalo Nyamwamba hulipita kwa kasi kutoka Rwenzori. Ardhi tambarare ni haba. Kinu, kota, hospitali, shule, barabara, bustani na mabaki ya mgodi, vyote vilibanwa kwenye kipande kilekile cha ardhi kando ya mto. Malundo ya mchanga yalipata kingo za udongo na mawe, na baadhi yake kitako chake kiko ukingoni kabisa mwa maji. Mto huo si mpole. Mwezi Februari 2012 moto uliunguza uoto wa sehemu za juu za bonde. Tarehe 1 Mei 2013 mvua kubwa ikanyesha, miteremko ikaporomoka, na mto ukashuka na mawe na magogo, ukavunja nyumba na madaraja na kuingia hospitali ya Kilembe. Watafiti waliofuatilia tukio hilo waliona kwamba mvua peke yake haitoshi kulieleza. Moto na maporomoko vilikuwa na sehemu yake. Mafuriko yalirudi mwaka 2014, na Mei 2020 yakaiharibu hospitali kiasi cha wagonjwa kuhamishiwa Kasese mjini.

Habari za mafuriko hayo zilihesabu nyumba, madaraja na watu waliopoteza maisha, kama ilivyostahili. Sehemu iliyopita kimya ni kwamba kila mara mto uling'oa pia mabaki ya mgodi na kuyasambaza kwenye mashamba ya chini na kuelekea ziwani. Mahali mchanga huo unapotua, unapoa na kufanana na tope jingine lolote la mafuriko, tena ni laini na rahisi kulima. Mtu aliyepoteza bustani yake kwa maji atapanda hapohapo msimu ujao. Utamwambiaje asipande, wakati hujampa mahali pengine?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima mabaki, udongo wa mashamba, vyakula, maji ya nyumbani, vumbi la ndani ya nyumba na hata kucha za miguu za wakazi. Shaba, kobalti na nikeli zilikutwa kwa wingi usio wa kawaida kwenye udongo wa sehemu za bonde, na metali zilionekana pia kwenye vyakula, baadhi ya vyanzo vya maji na vumbi. Vumbi ndilo linaloniumiza zaidi. Mchanga mkavu wa kinu hupeperuka, huingia na miguu, hukaa kwenye mkeka na sakafu, na mtoto anayetambaa hupeleka mkono mdomoni mchana kutwa. Kuhusu chakula, mboga za majani kama dodo, yaani mchicha, hubeba metali nyingi kuliko mahindi au ndizi, kwa sababu jani hunyonya kutoka kwenye udongo na pia hukamata vumbi. Ushauri wa leo leo, usiohitaji mwekezaji, ni huu: dodo na mayuni (magimbi) visilimwe juu ya mabaki wala kwenye tope jipya la mto, majani yaoshwe kwa maji ya bomba linalotoka juu ya mgodi, sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa vumbi likaruka. Wahudumu wa afya wa vijiji wanaweza kuyafundisha haya wakiwa nyumbani kwa watu.

Lakini ushauri wa jikoni hauzuii mto. Na hapa ndipo nisipokubaliana na mpangilio wa kazi unaosikika mara nyingi, kwamba mgodi ufunguliwe kwanza, mabaki yachakatwe upya kutafuta shaba na kobalti iliyobaki, halafu usafishaji ufuate. Kwa mahali pakavu na tambarare hoja hiyo ningeielewa. Bonde la Nyamwamba halina muda huo. Mkataba wa miaka 25 uliotolewa mwaka 2013 kwa kampuni ya Kichina, Tibet Hima, ulivunjwa na serikali mwaka 2017, na kwa miaka yote ya mazungumzo, makubaliano, mvutano na kutafuta mwingine, mto umeendelea na kazi yake. Kingo za malundo zinatakiwa kulindwa sasa, kwa fedha za umma, awepo mwekezaji au asiwepo.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Kitako cha lundo lililo ukingoni kinachimbwa na kurudishwa nyuma ili mto upate nafasi ya kupita. Ukingo unapangwa gabioni, vile vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, na misingi yake inashuka chini ya kina ambacho mto huchimba wakati wa mafuriko. Ikiishia juu juu maji yataipitia chini na kuiangusha. Juu ya malundo unachimbwa mtaro unaoyakatiza maji safi ya mlimani na kuyapeleka mtoni bila kugusa mchanga. Ukipunguza maji yanayoingia kwenye lundo umepunguza na asidi inayotoka, na kwa bei hiyo hakuna mbinu nyingine inayofanya zaidi. Mteremko unalazwa, unafunikwa udongo wenye chokaa, unapandwa nyasi za kushika ardhi. Nyasi hizo zisigeuzwe malisho hadi zipimwe. Mawe yanayoondolewa mtoni kwa mashine baada ya mafuriko yasirundikwe kando ya maji, maana mvua inayofuata huyarudisha. Yajaze gabioni hizohizo.

Maji yanayosukumwa kutoka mashimoni ni jambo la pekee, kwa kuwa hayatakoma. Mgodi ukiachwa ujae, yatatafuta njia ya kutokea mlimani. Yakiendelea kusukumwa, yataendelea kumwagwa. Kwa vyovyote yapitishwe kwanza kwenye mifereji ya mawe ya chokaa na mabwawa ya kutulizia yenye mimea, na tope la mabwawa hayo litengewe bajeti ya kuzolewa. Mabwawa yasiyozolewa hujaa, na mafuriko moja yanamwaga kila kitu yalichokusanya.

Nani alipe? Sheria ya Madini ya 2003 ilishaweka mlango wa kumdai mchimbaji amana ya kurejesha mazingira, na sheria mpya za mazingira, 2019, na za madini, 2022, zimeshika mwelekeo huohuo. Amana ya aina hiyo ni fedha zinazowekwa kabla ya jembe la kwanza, ili kampuni ikiondoka au ikifilisika kazi isibaki kwa wanakijiji. Tatizo ni kwamba mabaki haya ni ya kabla ya sheria zote hizo. Kila mwekezaji anayekuja atasema, na kwa haki, kwamba hakuyamwaga yeye. Serikali ndiyo mrithi wa mgodi, kwa hiyo deni ni la serikali, na inafaa ilikubali kwa maandishi badala ya kuliuza ndani ya mkataba kwa mtu ambaye ataliwekea masharti ya bei ya shaba. Sehemu ya mrabaha wa uchimbaji mpya inaweza kutengewa bonde hili kisheria, na hapo shaba itakuwa inalipia kosa lake la zamani bila usafishaji kumtegemea mchimbaji.

Mkataba wowote wa kuifungua Kilembe ungepaswa kuwa na kiambatisho kinachoonyesha ramani ya kila lundo, umbali wake kutoka mtoni, nani anawajibika nalo na lini kitako chake kitakuwa kimelindwa. Maji ya Nyamwamba yapimwe juu ya mgodi, chini yake, na mahali yanapoingia Ziwa George, hasa siku ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Matokeo yabandikwe kwenye ofisi za kata na kwenye mialo ya Kahendero na Hamukungu, kwa lugha ambayo wavuvi wanaisoma. Na lundo lisilo na shaba ya kuuza liandikwe la kwanza katika ratiba, kwa sababu ndilo ambalo hakuna mwingine atakayelikumbuka.